Jinsi ya kuandika daftari la makaburi ya kihamba chenu

Mwaka 2016 tulikuwa tunachimba shimo la choo nyuma ya nyumba ya Bibi, kwetu Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Fundi alipofika usawa wa kiuno alisimama, akalaza sururu taratibu, akavua kofia. Kulikuwa na mifupa midogo, na kando yake shanga nne za bluu. Sisi watoto wa nyumba ile tulitazamana, hakuna aliyejua ni nani. Akaitwa Baba Mkubwa. Alikuja na mkongojo wake, akainama akaangalia kwa muda mrefu, kisha akaenda mpakani akachuma jani la sale, mmea wa heshima kwetu Wachaga, akalirudisha na kuliweka juu ya udongo. "Huyu ni dada yangu," alisema. "Surua ilimchukua." Akamtaja kwa jina lake la nyumbani, nami nikasikia jina langu. Nimeitwa hivyo maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza nimerithi kwa nani.

Shimo tulilifukia siku ile ile, choo kikahamia upande mwingine. Mimi nikanunua kaunta buku. Nawaandikia namna nilivyoijaza, maana Desemba inakuja na wengi wetu tutapanda mlimani. Kwetu Uchagani wengi huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kati ya migomba na kahawa. Hakuna ofisi yenye orodha ya makaburi hayo. Orodha iko kichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Usianze kwa kupima. Anza kwa mtu. Tafuta wawili au watatu wanaojua, na usiishie kwa wanaume. Baba Mkubwa alijua makaburi ya wazee wa ukoo, lakini makaburi ya watoto wachanga nilionyeshwa na mama zetu walioolewa pale, kwa sababu ndio waliowabeba na ndio waliowalilia. Mama Mdogo mmoja alinionyesha mahali pa mtoto wake ambaye hata mume wake alikuwa ameshapasahau. Alisimama pale bila kusema neno, nami nikafunga daftari kwanza tukakaa. Uwe na subira ya namna hiyo.

Wahi kabla ya tarehe 24, kabla nyumba haijajaa wageni na nyama. Nenda asubuhi jua likiwa dogo, beba kigoda cha mzee kupumzikia, omba ruhusa kwanza, na kama kwenu mnaanza kwa sala au kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, anzeni hivyo. Ukiuliza "nani amezikwa wapi" utapata majina manne tu. Tembea naye, uulize kwa matukio: alikufa kabla au baada ya Uhuru? Nani alikuwa bado anabebwa mgongoni mwaka huo? Kahawa hii ilikuwa imeshapandwa? Rekodi kwa simu, kwa sababu jina la nyumbani ukiliandika haraka utalikosea.

Wakati mnatembea, soma ardhi. Sale hupandwa mpakani, kwa hiyo ukiona kishada cha masale katikati ya shamba pasipo na mpaka wowote, uliza. Huota kwa kipande cha shina tu na hubaki kijani hata kiangazi, ndiyo maana hudumu kuliko msalaba wa mbao, ambao mchwa huumaliza mapema. Uliza pia juu ya jiwe lililolazwa peke yake, na sehemu ambayo kila anayelima huizunguka bila kujua sababu.

Sasa pima. Hapa nilikosea mara ya kwanza: niliandika "hatua nane kutoka mgomba mkubwa". Mgomba unatembea, jamani. Chipukizi hutoka pembeni, mgomba mama hukatwa, na baada ya miaka kumi shina liko kwingine. Chagua vitu viwili visivyohama, kwa mfano kona mbili za nyumba yenye msingi wa mawe, upime umbali kutoka kila kona kwa futi kamba ya mita 30. Vipimo viwili vikikutana mnapata sehemu yenyewe, mradi uandike ni upande gani wa nyumba. Ramani ya simu inasaidia kidogo, ila chini ya miti mikubwa inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita hizo zinatosha kabisa kumchimbua mtu.

Kila kaburi lipe namba. Wazo hili nililipata Moshi mjini, kwenye sehemu ya makaburi inayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Moshi ilichukuliwa na Waingereza kutoka kwa Wajerumani Machi 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na askari waliozikwa pale wameandikwa kwenye rejista ya tume hiyo, miaka mia na zaidi baadaye. Nilitoka pale na uchungu, kwa sababu wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile ya Afrika Mashariki, na wengi hawana jiwe wala alama.

Jina si jambo dogo. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani hapo hapo tarehe 2 Machi 1900, na familia yake bado inatafuta kichwa chake kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya DNA vimewaunganisha watu wa huku kwetu walio hai na mafuvu matatu yaliyokuwa kwenye makusanyo ya huko. Moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na neno hilo ndilo lililoelekeza kwa uzao wa mshauri wa Mangi Meli. Neno moja, baada ya miaka zaidi ya mia.

Kwa kila namba andika jina la ubatizo, la nyumbani, la baba yake, mwaka au tukio, kichwa kilikoelekea, nani amekusimulia na lini. Wazee wakipingana, andika yote mawili, wala usimfanye yeyote kuwa mwongo.

Kuhusu kujengea, kama kaburi ni la udongo mpya acha masika moja ipite udongo ushuke, la sivyo zege litapasuka. Usijenge karibu na mparachichi au mgrevilea, mizizi itainua vigae. Jina lichongwe kwenye jiwe, maana rangi hufutika kwa jua na mvua, na kabla fundi hajachonga mwombe mtu mwingine asome tahajia. Kama hela ya marumaru haipo, msione aibu. Tulimwaga zege dogo juu ya shangazi yetu, na kabla halijakauka nikaandika jina lake kwa msumari wa inchi sita, herufi kubwa, nikiwa nimepiga magoti. Tukalimwagia maji kila siku kwa wiki nzima. Linasomeka mpaka leo.

Daftari likikamilika, toa nakala. Moja ibaki kwa ndugu anayeishi nyumbani, moja mjini, na kila ukurasa upigwe picha uwekwe kwenye grupu la ukoo. Likija suala la barabara au mradi wa umma, kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na familia inayoweza kuonyesha ni makaburi mangapi, ya nani na yako wapi itazungumza kwa nguvu. Sisi tunalisoma kwa sauti tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, na tena Desemba watoto wa mjini wakiwepo. Mtoto mmoja asome, mwingine akimbie akasimame kwenye namba iliyotajwa.

Baba Mkubwa sasa naye ametutoka. Ni namba 23. Ukurasa wa kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, umeandikwa hivi:

"Na. 1. Mtoto wa kike, kama miaka minne. Nyuma ya nyumba ya Bibi: mita 6.40 kutoka kona ya jikoni, mita 11.15 kutoka kona ya chumba cha wageni. Kichwa kimeelekea mlimani. Surua. Alikuwa anapenda kubebwa. Shanga nne za bluu, tumemrudishia."