Umetoka hospitali ya Bugando na majibu ya kansa? Ongea hivi na daktari wako wa mtaani

Wengi tukipewa majibu tunaitikia tu "sawa dokta", ukishapanda daladala ya Buzuruga ndo maswali yanaanza. Sasa yule daktari wa kituo cha afya anayekujua toka zamani mtumie, yeye hatoi kemo (zile dawa kali za kuua kansa) ila anaweza kukaa na wewe akakusomea ile karatasi taratibu. Beba kila kitu, majibu ya kinyama walichokata, picha za CT scan, kadi ya kliniki. Muulize wazi imeanzia wapi, iko hatua ya ngapi (kansa nyingi zinahesabiwa 1 mpaka 4), na dawa ni za kuiponya au za kuituliza tu, maana hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na hapo ndo madaktari wengi huwa wanazunguka, mbane kwa upole. Afu mrudishie kwa maneno yako, hata kwa Kisukuma kama anakisikia, aone umeelewa nini.

Ndugu nao, ooh mama asiambiwe presha itapanda! Mwambie dokta mapema nani aambiwe, mwili ni wako.

Na ukiwa kwenye kemo homa ikifika 38 usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali hata usiku.