GED kwa sisi tuliosoma kwa Kiswahili: unajiandaaje na unaifanyaje

Kabla hujatoa hata dola moja jiulize kwanza kama GED, yaani mtihani wa Marekani wa kupata cheti sawa na cha kumaliza high school (sekondari), unaihitaji kweli. Kuna watu wamemaliza form four Tanzania au Kenya, au wana diplôme d'État ya Congo kabisa, wamefika Marekani mtu wa kazini akawaambia we nenda kafanye GED, na wao wakaenda, wakati cheti chao kingepelekwa tu kwa kampuni zinazotathmini vyeti vya nje wangepewa karatasi inayosema elimu hii ni sawa na high school ya huku. Kama cheti unacho, au shule yako bado ipo na inaweza kutuma matokeo, anzia huko. GED ni ya yule aliyeishia njiani, au yule ambaye vyeti vilipotelea vitani na shule yenyewe haipo tena, na hao kwetu ni wengi, hasa waliopitia Nyarugusu na kambi zingine za wakimbizi.

Halafu uliza jimbo lako linatumia mtihani gani. Sio kila mahali ni GED, kuna majimbo yanatumia HiSET, mtihani mwingine wa aina hiyohiyo, na mengine yana yote mawili. HiSET ina masomo matano maana kusoma na kuandika wamevitenganisha. Karatasi utakayopata mwisho inafanya kazi ileile kwenye kazi na chuo, kwa hiyo usisumbuke kutafuta ipi bora, fanya ile iliyopo kwenu. Mimi hapa nitaongelea GED.

Masomo ni manne: hesabu, sayansi, maarifa ya jamii, na RLA ambayo ni kusoma na kuandika. Alama zinaanzia 100 mpaka 200 na pasi ni 145 kila somo, na hakuna kufidiana, yaani ukipata 180 ya hesabu alafu 140 ya RLA, hiyo RLA umefeli na utairudia peke yake, hesabu yako inabaki salama. Na hulazimiki kufanya yote siku moja. Hapa ndo watu wengi hawajui, wanadhani ni kama mtihani wa taifa, unaingia Jumatatu unatoka umechoka wiki ya pili. Hapana, unalipia somo moja, unafanya, unapumzika hata miezi miwili, unalipia lingine. Bei inategemea jimbo, kuna majimbo yanakulipia, uliza kabla.

Mtihani upo kwa Kiingereza na Kihispania, Kiswahili hakuna. Kama Kiingereza chako bado kinayumba sana usijitese, nenda darasa la Kiingereza kwanza, tena yapo ya bure kwenye komyuniti koleji, maktaba na vituo vya elimu ya watu wazima. Hukohuko ndo kuna madarasa ya GED pia. Watakupa mtihani mdogo wa kukupima wakuweke darasa gani, na usione aibu wakikuweka chini.

Sasa kitu kikubwa ambacho ningependa kila mtu akishike: GED sio ya kukariri. Sisi tumelelewa kwenye taja sababu tano za Maji Maji, chora na uweke majina sehemu za ua, mwalimu akisema andika unaandika ukalale nalo. Huku wanakupa habari, au jedwali, au grafu, alafu wanakuuliza kitu ambacho jibu lake liko humohumo ndani. Kwenye sayansi mfano watakuletea jaribio, mimea imewekwa kwenye mwanga wa aina tatu, urefu wake umeandikwa kwenye jedwali, swali ni mtafiti alibadilisha nini na alipima nini. Hujaulizwa usanisinuru ni nini. Kwa hiyo mtu anayemeza kitabu kizima cha baiolojia anapoteza nguvu, wakati yule anayejizoesha kila siku kusoma aya moja ya Kiingereza na kujiuliza huyu anasema nini na ushahidi wake uko wapi, huyo anasonga.

Kwa mpangilio mimi ningekwambia RLA iache mwisho. Anza na hesabu au maarifa ya jamii, maana ukiwa unasoma hayo Kiingereza nacho kinapanda chenyewe. Maarifa ya jamii ni dakika 70 tu na nusu yake ni mambo ya uraia na serikali, kwa hiyo kama unajiandaa na mtihani wa uraia unaua ndege wawili kwa jiwe moja: mihimili mitatu, Rais anaweza kukataa mswada na Kongresi (bunge) inaweza kuupitisha hata hivyo kwa theluthi mbili za kura, marekebisho ya 13 ya Katiba ya 1865 yaliyofuta utumwa, ya 19 ya 1920 yaliyowapa wanawake kura. Ila kujua tu haitoshi, watakupa kipande cha Azimio la Uhuru la 1776 chenye Kiingereza cha kizamani na wewe useme mwandishi analalamikia nini.

Hesabu ni dakika 115. Maswali matano ya mwanzo ni bila kalkuleta, na ukishayatuma hurudi nyuma, baada ya hapo kalkuleta inatokea kwenye skrini. Ni TI-30XS. Jifunze hiyohiyo na sio ya kwenye simu, maana wengi wanapigia hesabu jibu linakuja sehemu, tuseme 3/4, na machaguo yote ni desimali, mtu anaganda. Kuna kitufe kina vimishale viwili vinavyotazama kushoto na kulia, ukikibonyeza 3/4 inakuwa 0.75. Kanuni za maumbo, eneo na ujazo utapewa kwenye karatasi ya kanuni, usizikariri, jifunze kuzitumia.

Na nyie mliosoma Congo na Burundi sikilizeni hapa. Kule desimali tunaandika kwa mkato, 2,5. Huku 2,5 haipo, ni 2.5 kwa nukta, na mkato wanautumia kwenye maelfu, 1,500 ni elfu moja na mia tano. Kuna maswali unajaza jibu mwenyewe kwenye kisanduku, hutaki kukosa swali unalolijua kwa sababu ya mkato. Vipimo navyo kuna inchi, futi, maili na galoni, vizoee mapema.

Maswali mengi ya hesabu ni hadithi. Mfano kampuni ya kuhamisha vitu inachaji dola 40 za kuanzia na dola 25 kila saa, umelipa dola 165, wamefanya kazi saa ngapi? Saa zikiwa h, ni 40 + 25h = 165, ukitoa 40 inabaki 125, gawa kwa 25, saa 5. Mara nyingine hawataki hata jibu, wanataka uchague mlinganyo sahihi, na hapo lazima wakuwekee 65h = 165 kama mtego, mtu aliyejumlisha haraka haraka anaubeba. Aljebra ni zaidi ya nusu ya mtihani, kwa hiyo ukibanwa na muda wa kusoma weka nguvu huko. Tovuti ya masomo ya Khan Academy ni bure na inaanzia chini kabisa.

RLA ndo mlima wenyewe. Dakika 150, ndani yake kuna mapumziko ya dakika 10 na insha ya dakika 45. Kwenye insha unapewa maandishi mawili yanayopingana, mmoja anasema mji uongeze kima cha chini cha mshahara, mwingine anasema usiongeze. Hapa watu wetu wanaanguka sana kwa sababu wanaandika maoni yao, mimi kwa upande wangu naona mshahara hautoshi, wanatia na mstari wa Biblia. Hujaulizwa wewe unaona nini bhana! Umeulizwa kati ya hawa wawili nani ameleta ushahidi wenye nguvu. Kwa hiyo unaweza kuwa unamuunga mkono wa kwanza moyoni lakini ukaandika kwamba wa pili ndo amejenga hoja vizuri maana ametaja takwimu na chanzo chake wakati wa kwanza ameleta kisa cha jirani yake tu. Aya ya kwanza taja nani ameshinda, aya mbili au tatu nukuu maneno yake na ueleze kwa nini yana nguvu, aya moja onyesha mwenzake amelegea wapi, funga. Acha dakika tano za kusoma upya.

Na utaichapa kwenye kompyuta, sio kwa kalamu! Mtu anaandika vizuri sana lakini anatafuta herufi moja moja kwa kidole, dakika 45 zinaisha ana aya moja. Chapa kitu kila siku, hata barua kwa mama Bukavu, ili mradi ni kwenye kibodi na sio simu.

Ukijiona uko tayari fungua akaunti ged.com na uweke jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata kama kambini walikugeuzia jina la kwanza likawa la mwisho, hata kama walikuandikia umezaliwa tarehe 1 Januari. Kisicholingana mlangoni hakikuingizi. Alafu lipia GED Ready, ni mtihani wa majaribio rasmi, nusu ya ule halisi, unakupa rangi: nyekundu bado sana, njano karibu, kijani nenda. Usipange tarehe na njano.

Kwenye majimbo mengi unaweza kufanyia kituoni au nyumbani. Ya nyumbani inataka uwe na kijani ndani ya siku 60, chumba uwe peke yako, kamera inakuangalia muda wote, na mtoto akiingia kuomba juisi wanaweza kuufuta mtihani. Nyumba yenye watoto wanne, nenda kituoni tu. Kule simu unaacha kwenye kabati, wanakupa ubao mdogo wa kuandikia na kufuta. Ukitoka shifti ya usiku usiende moja kwa moja, badilisha shifti au badilisha tarehe.

Anayekuambia lipa nikupe diploma bila kukaa mtihani ni tapeli, hata kama ni mtu wa kanisani kwenu.

Matokeo mara nyingi yanatoka ndani ya siku moja kwenye akaunti yako. Ukikosa somo unaweza kulirudia mara mbili bila kusubiri, ukikosa na ya tatu kawaida unakaa siku 60, na ripoti inakuonyesha sehemu gani umelegea kwa hiyo isome usiifunge kwa hasira. Ukimaliza yote manne, humo humo ndo unaagiza diploma na transkripti (karatasi ya alama zako), na chuo au bosi wako anatumiwa moja kwa moja.