Jinsi ya kupata koneksheni za biashara mtandaoni ukiwa Arusha, bila kuwa kero

Mimi natengeneza lanchi boksi za wageni wa safari, zile dereva anazipitia asubuhi kabla hajaelekea Tarangire au Manyara. Jiko langu liko Mbauda, na kampuni karibu zote ninazozihudumia sasa hivi nilianza kujuana nazo kwenye simu. Nimekosea sana mpaka kufika hapa, ndo maana naandika.

Kwanza kabisa usimtafute bosi. Hapa ndo wengi tunafeli, unamfuata mwenye kampuni LinkedIn, unamuandikia risala, anakaa kimya, unasema mitandao haina kitu. Sasa bosi hata hajui boksi za jana zilitoka wapi! Anayejua ni mtu wa oparesheni, yule anayepanga magari na madereva mpaka usiku, na mgeni akikuta yai bovu simu inampigia yeye. Huyo ndo wako. Fungua LinkedIn, tafuta jina la kampuni, kwenye ukurasa wao kuna sehemu ya watu, bonyeza hapo utaona wafanyakazi waliojiunga na vyeo vyao, na kama kuna mtu mnayefahamiana wote itakuonyesha. Huyo wa katikati mpigie umuombe akutambulishe, inafanya kazi kuliko meseji kumi zako. Ila mjini kwetu wengi hawako LinkedIn, kwahiyo pitia na Instagram ya kampuni, angalia nani katagiwa kwenye picha za timu.

Na madereva waongoza wageni usiwadharau jamani. Wengine leo wako na kampuni hii mwezi ujao ile, mchana porini wanakaa pamoja wanakula, wanalinganisha. Dereva mmoja akikukubali kakutangaza bure.

Kabla hujamtumia mtu chochote safisha profaili, maana akipata meseji yako ataenda kukuchungulia tu. Weka picha ya uso wako, sio ya harusini ambayo bega la shemeji bado linaonekana. Na yale maneno ya "Mjasiriamali, Mpambanaji, Mungu Kwanza" hayamwambii mteja unauza nini. Instagram wanakupa herufi 150 tu, mimi nimeandika: Lanchi boksi za safari, Arusha, mwisho wa oda saa 2 usiku. Basi. Kwenye WhatsApp Business jaza ile katalogi, picha na bei, mtu wa oparesheni hana muda wa kukuuliza maswali sita.

Sasa meseji yenyewe. Mwaka wa kwanza niliandika moja ndefu nikaikopi nikawatumia watu kama arobaini usiku mmoja, kuna meneja, mwanaume mtu mzima kabisa, nikamuita dada. Alijibu "pole" tu. Toka siku hiyo naandika moja moja, fupi, na lazima niguse kitu cha kwao. Mfano:

"Habari za kazi kaka. Nimeona magari yenu yanaenda sana Tarangire. Natengeneza lanchi boksi hapa Mbauda, barabarani kabisa, saa 11 alfajiri zinakuwa tayari. Naomba nikuletee mbili uonje, wiki hii uko ofisini siku gani?"

Umeona, sijaomba oda, nimeomba siku. Na kama ni mkubwa kwako kiumri anza na shikamoo, hata kama ni LinkedIn, usijifanye mzungu.

Muda nao una siri yake. Mwezi wa saba na wa nane usimsumbue mtu wa utalii, hata simu ya mke wake anaipokea kwa shida. Mimi nawinda mwezi wa nne na wa tano, masika yamekolea, wageni hamna, watu wako ofisini wanakunywa chai na kuskroli. Hapo wanajibu. Halafu mwezi wa sita kuna maonyesho ya utalii ya Kilifair, sasa badala ya kwenda kugawa kadi kwa watu usiowajua unaenda kukutana na wale ambao mmeshachati, "aah kumbe ndo wewe", mambo yanaisha dakika tano.

Kwenye magrupu ya WhatsApp usiingie na tangazo lako kila asubuhi, watu watakumyuti na adimini atakutoa. Jibu maswali ya watu. Kuna mtu aliuliza saa 4 usiku nani ana kuliboksi (boksi la kutunza ubaridi) ya kuazima, nikampa ya kwangu, mpaka leo ni mteja. Hata posti iliyoniletea watu wengi haikuwa tangazo, nilionyesha tu ninavyofunga chakula bila mfuko wa plastiki, maana ile mifuko imepigwa marufuku toka mwezi wa sita 2019 na kampuni zinaulizwa na wageni wao.

Ukipata namba isevu na kazi yake pamoja na kampuni, usisevu "Kaka Mrefu", mwezi ujao hutamkumbuka. Asipojibu subiri wiki, kumbusha mara moja, ukimya ukiendelea muache, endelea tu kuweka stetasi za kazi zako. Kuna dada alinikalia kimya miezi minane, ikaonekana kila siku kaangalia stetasi, siku moja saa 1 jioni akaandika maneno matatu: "Bado unapika dia?" Boksi 14, kesho yake alfajiri.