Rubabu Bustanini: Maji Yasituame Kwenye Kisiki

Rubabu (kwa Kiingereza rhubarb) ni zao la baridi. Hulimwa kwa ajili ya vikonyo vya majani yake, vyenye uchachu, vinavyopikwa na sukari kuwa jamu. Limuru, Kinangop, Lushoto au Njombe unaweza kuipanda bila wasiwasi, pwani usijisumbue. Wastani wa joto ukipita nyuzi 24, vikonyo huwa vyembamba.

Mimea mingi hufa kwa maji kutuama, si kwa ukame. Kabla ya kupanda, chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji. Yakiwa bado yamo baada ya muda wa saa nne, inua tuta la sentimita 20 hadi 30, au tafuta mahali pengine.

Panda kipande cha kisiki, yaani shina nene la chini ya ardhi, chenye angalau jicho (chipukizi) moja nene na mizizi yake. Mbegu huota, ila miche haifanani na mama. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 50. Udongo wake uchanganye na karai mbili za samadi iliyooza kabisa, kwani mbichi huunguza mizizi. Jicho likae sentimita 3 hadi 5 chini ya udongo; kwenye udongo wa mfinyanzi, lilingane na uso wa ardhi. Kati ya mche na mche acha mita moja. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mmea, lakini usifunike kitovu, pale katikati vikonyo vinapochomoza.

Ukiona majani yamekuwa manjano na vikonyo vinalegea, fukua kidogo. Kisiki kikiwa laini na cha kahawia kwa ndani, kimeshaoza: hakuna dawa ya kukifufua. Ng'oa chote, uchome, na usirudishe rubabu hapo kwa miaka kadhaa. Bua la maua nalo likichomoza, likate chini kabisa mapema, maana linanyonya chakula cha kisiki.

Mwaka wa kwanza usivune hata kikonyo kimoja. Wa pili onja kidogo tu; wa tatu vuna sawasawa. Usingoje wekundu, kwani zipo aina zinazobaki kijani. Shika kikonyo chini kabisa, kivute huku ukikizungusha. Kisu huacha kibutu, nacho huoza na kupitisha ugonjwa hadi kwenye kisiki. Acha angalau nusu ya majani. Kwa kuwa huku hakuna majira ya theluji, mmea ukipata maji hauachi kuchipua, na watu huuvuna mpaka unachoka. Upumzishe miezi miwili au mitatu kila mwaka.

Majani ni mapana kama ya maboga na yanashawishi kuyapika. Usithubutu: yana asidi ya oksaliki, ni sumu kwa mtu, mbuzi na sungura. Yatupe kwenye mboji, yakioza hayadhuru.

Baada ya miaka mitano hivi vikonyo vikianza kusinyaa, fukua kisiki, kigawe kwa sepeto kali, kila kipande na jicho lake, upande upya.