Kagua kasha la kompyuta kuanzia upande usio na kioo

Muuzaji atakuonyesha kasha likiwa limewashwa taa, kioo kikikutazama. Mwombe alizime, aligeuze, afungue ubavu wa pili, ule wa bati. Nyuma ya ubao mama (motherboard, ubao unaounganisha vifaa vyote) ndiko waya zote zinakofichwa, na mtengenezaji anayebana gharama huanza kubana huko. Nenda na futi kamba, tochi ya simu na vipimo vya vifaa vyako.

Bonyeza katikati ya bati kwa kidole gumba. La milimita 0.7 au 0.8 hustahimili, la 0.5 hubonyea, na feni zikianza kuzunguka litavuma. Kisha pitisha kidole taratibu kwenye kingo za matundu ya kupitishia waya. Kingo zilizokunjwa ni salama. Zilizoachwa kama zilivyokatwa zitakuchana wewe kwanza, halafu ganda la waya.

Sasa pima kina, kutoka kwenye sahani inayobeba ubao mama hadi pale ubavu unapofungia. Milimita 15 ni taabu tupu: waya nene ya pini 24, inayolisha ubao mama umeme, ikipishana na nyingine, ubavu haufungi mpaka uusukume kwa goti. Milimita 20 zinatosha, na kuanzia 25 hadi 30 unafanya kazi kwa raha. Tafuta tundu kubwa nyuma ya prosesa (ubongo wa kompyuta), maana bila hilo kubadilisha vipoza vyake vya aina nyingi kutakulazimu kung'oa ubao mama mzima. Tazama pia tundu la kona ya juu, karibu na feni ya nyuma, la waya ya pini 8 ya prosesa. Kwenye makasha mengi ya bei ndogo ubao wa ATX, ule wa ukubwa wa kawaida, hulifunika nusu, na plagi haipiti tena ubao ukishakazwa. Kasha la namna hiyo si la kutupa, ila waya hiyo ipitishe kabla ya kufunga ubao.

Geuza upande wa kioo uhesabu viguzo vya shaba vinavyoinua ubao. ATX kamili ni milimita 305 kwa 244 na kwa kawaida hushikwa na skrubu 9. Mini-ITX, ubao mdogo wa 170 kwa 170, hushikwa na 4. Kiguzo kilichobaki mahali ambapo ubao hauna tundu hugusa risasi za kulehemu nyuma ya ubao na kupiga shoti. Kompyuta haiwaki, na fundi asiyejua atalaumu pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme. Kwa hiyo pendelea viguzo vinavyofunguka, uvihamishe mwenyewe. Skrubu nazo ni za aina mbili: M3 yenye meno madogo ni ya SSD (diski isiyozunguka) ya inchi 2.5, na 6-32 yenye meno mapana ni ya diski kuu ya kuzunguka (hard disk) ya inchi 3.5 na ya kufungia pawa saplai. Ukilazimisha 6-32 kwenye tundu la M3, umeshaua tundu.

Namba za kwenye boksi zinahitaji hesabu. Tuseme limeandikwa kadi ya grafiki (kadi ya kuchora picha kwenye skrini) hadi milimita 360. Mara nyingi hiyo ni nafasi tupu mpaka kwenye chuma cha mbele. Feni ya kawaida ina unene wa 25, inabaki 335. Ukiweka rediata ya kupozea kwa maji, nyingi zina 27, umebaki na 308, na kadi kubwa za siku hizi zinapita hapo. Urefu wa kipoza cha prosesa nao upime: kutoka kwenye sahani hadi kwenye kioo, toa kama milimita 16 za viguzo, ubao na prosesa yenyewe. Kasha lenye 180 linakuachia 164, na kipoza kikubwa cha Noctua NH-D15, ambacho kina 165, kitagonga kioo. Kadi za grafiki zenye plagi ya umeme ya pini 16 zinataka nafasi zaidi ubavuni, kwa kuwa inashauriwa waya usikunjwe ndani ya milimita 35 kutoka kwenye plagi. Kioo kikiusukuma, plagi hukaa upande, na hapo ndipo inapopata moto hadi kuyeyuka.

Pawa saplai ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, lakini urefu huanzia 140 na kupita 180. Ikiwa waya zake ni za kuchomeka, ongeza angalau 50 za mpindo. Kreti la diski lililo mbele yake lazima liwe linafunguka.

Hewa sasa. Mulika tochi kutoka ndani kuelekea mbele: ukiona mwanga unapenya vizuri, hewa nayo itapenya. Kioo cha mbele chenye mwanya mwembamba pembeni kinapendeza dukani tu, hasa Dar es Salaam au Mombasa ambako chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 bila shida. Feni mbili au tatu za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma huzidisha msukumo wa ndani, hivyo hewa nyingi huingia kupitia chujio na vumbi halinyonywi kwenye nyufa. Angalia plagi za feni pia: za Molex zinazochukua umeme moja kwa moja huzunguka kwa kasi ileile usiku kucha, tafuta za pini 4 zinazochomekwa kwenye ubao mama.

Chujio la chini, la pawa saplai, livute ulione linatokea wapi. Likitokea nyuma, kila kusafisha utalitoa kasha zima ukutani, na baada ya miezi miwili utaacha.

Vifuniko vya kadi vya nyuma viwe vya skrubu. Vile vya kuvunjwa havirudi, na kadi ikitolewa unabaki na tundu lenye kingo kali, njia ya mende na mijusi.