Umepiga Windows 11 kwenye mashine ya zamani na sasa inaganda? Usikimbilie kufomati

Nina kasteshenari kangu Mwanjelwa hapa Mbeya, kutoa kopi, kutaip barua, picha za pasipoti, na siku hizi haipiti wiki hajaja mtu na laptopu kwapani, "kaka tangu nipige Windows mpya hii kitu haitembei". Ilianza pale Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wakaingiwa na hofu wakapandisha hadi mashine za mwaka 2014 ambazo hata kabla ya hapo zilikuwa zinajikongoja tu. Kwa masharti yao wenyewe Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo hizo nyingi ziliingizwa kwa njia za panya. Sawa, imeshaingia, tuangalie pa kuanzia.

Mimi yalinikuta kabla yenu. Kompyuta ya ofisi ilivyoanza kuganda nikampelekea fundi mmoja, hakuwasha hata kuangalia, akafomati, yaani akafuta kila kitu na kuingiza Windows upya. Mitihani ya shule niliyokuwa nimeitaip wiki nzima ikaenda na maji, na mashine ikarudi nzito vilevile, maana ugonjwa ulikuwa kwenye hadi diski (hard disk), pale mafaili yanapohifadhiwa. Kwa hiyo kabla ya yote, kopi vitu vyako kwenye flashi au diski ya nje. Leo, sio kesho.

Halafu ipe muda. Ukishapandisha Windows, yenyewe inaanza kazi zake za chinichini, inapanga upya orodha ya mafaili yako, antivairasi inakagua kila kitu, inashusha apdeti zingine, na kwenye diski ya zamani hiyo shughuli inaweza kwenda siku nzima au zaidi. Wengi wanaiwasha nusu saa wanakasirika wanazima, kesho inaanza tena pale pale. Ichomeke kwenye umeme, iache usiku kucha isilale, asubuhi iristati ndio uipime. Kama unatumia bando la simu kuwa makini, nenda kwenye mipangilio ya mtandao uwashe Metered connection, la sivyo bando litaisha hujafungua hata ukurasa mmoja.

Siku mbili zikipita bado nzito, bonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager. Hapa ndipo penye jibu na ndipo mafundi wengi hawaangalii. Angalia namba za juu, CPU (ndiyo prosesa), Memory (ndiyo RAM, kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa) na Disk, usiwe na haraka, ziangalie dakika tano hivi ukiwa hujafungua programu yoyote.

Disk ikikaa kwenye 100% wakati data inayopita ni megabaiti mbili tatu tu kwa sekunde, hadi diski ndiyo inayokuua. Nenda sehemu ya Performance, itakuandikia kabisa kama ni HDD au SSD. HDD ni sahani inayozunguka na kisindano kinachokimbia huku na kule kutafuta data, na Windows za sasa zinaomba vitu vidogo vidogo mia kwa wakati mmoja, kisindano kinachoka. SSD haina kinachozunguka, ndio maana ina kasi. Ni kama duka la muuzaji mmoja halafu wateja wa basi zima la Tunduma wameshuka pamoja. Hapo hata uongeze RAM mpaka basi, hutaona tofauti ya maana. Weka SSD. Laptopu nyingi za miaka hiyo zinachukua ile ya SATA ya inchi 2.5, inakaa pale pale ilipotoka HDD, unafungua kwa bisibisi. Ya GB 240 inamtosha mwalimu au mtu wa ofisi. Usinunue ile ya ajabu iliyoandikwa TB 2 kwa bei ya chipsi kuku, hiyo ni feki, itajaa kabla ya wakati wake na mafaili yataharibika. Na HDD kama imeanza kulia tik tik, acha kila kitu ukopi kwanza.

Memory ikiwa juu ya 85% na hujafungua kitu, hapo ndio shida ya RAM. Windows 11 wanasema GB 4 inatosha, inatosha kuwaka, ukifungua brauza na Word kwa pamoja unaanza kusali. Weka 8. Ila itoe ile ya zamani usome karatasi yake, ikiandikwa PC3L usimpe muuzaji nafasi ya kukuuzia PC3 ya kawaida, umeme wake ni tofauti na mashine inaweza kugoma kuwaka. Laptopu zingine RAM imechomelewa kwenye bodi, uliza kabla hujatoa hela.

CPU ikiwa ndiyo juu, angalia jina la kinachokula. Mara nyingi ni antivairasi ya zamani iliyobaki inagombana na ya Windows, itoe, moja inatosha. Kama video zinakatakata na maandishi yamekuwa makubwa ajabu, drayva ya skrini (programu ndogo inayoiendesha) haikuhama, ishushe kwenye tovuti ya waliotengeneza mashine, sio kwenye matangazo. Humo humo Task Manager kuna Startup apps, zima vinavyojiwasha bila kazi ila vya sauti na touchpad usiviguse.

Drive C ikiwa nyekundu, kuna foda inaitwa Windows.old, ndiyo Windows yako ya zamani, inaweza kula GB 20 na zaidi. Ukiifuta huwezi kurudi ulikotoka, na kawaida una siku 10 tu za kurudi, kwa hiyo amua kwanza. Ukiamua, tumia Disk Cleanup.

Kuna waliosema kinachoganda mashine ni baridi ya Uyole huku kwetu. Hapana jamani, baridi mashine inaipenda, kinachoiua ni vumbi la Agosti na Septemba, feni inaziba, prosesa inachemka inajipunguza kasi yenyewe. Ipulizie.

Na kama prosesa ni ya zamani kweli kweli, jaribu Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, toleo lake jepesi, inatembea vizuri kwenye mashine za hivyo. Iwashe kutoka kwenye flashi kwanza bila kuiingiza, ujaribu wifi na printa, vikigoma tafuta drayva kabla hujafuta chochote.