Kabla hujakalia kiti cha ofisi Kigoma

Barua ya ajira ukishaipata, usikimbilie kwa fundi kushona suti. Kuna mambo ya kuweka sawa kabla mwezi wa kwanza haujaisha, maana mwili ukishazoea kiti, kuutoa hapo ni shughuli.

Kiti: nyayo zikanyage sakafu, kioo cha kompyuta kiwe usawa wa macho. Basi. Chupa ya maji iwe ndogo ili ikunyanyue kwenda kuijaza. Kila nusu saa simama. Mtu wa masijala mfuate, usimpigie simu.

Raba ziwe chini ya meza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku mbili za kuimarisha misuli. Usitishike. Ni nusu saa kwa siku tano, na mji wetu wenyewe ni jimu: toka stesheni ya reli, panda Barabara ya Lumumba mpaka Mwanga, halafu uje uniambie kama bado unataka kulipia mashine ya kukimbilia. Msimu wa mvua beba mwamvuli.

Sasa majirani. Hili nililijua nikiwa sakafuni.

Nilihamia Katubuka nikiwa mhasibu. Bajaji inanichukua getini saa moja na nusu asubuhi, inanirudisha saa mbili usiku. Jumamosi nalala. Mtaani kukiwa na msiba natuma rambirambi kwa simu, naona nimemaliza. Miaka miwili hivyo hivyo. Jumapili moja mke wangu yuko Kasulu kwa mama yake, nikainama bafuni kuokota sabuni, kiuno kikakaza. Kunyooka siwezi, kukaa siwezi. Simu inalia chumbani, mimi nimelala kwenye saruji yenye maji na taulo moja.

Nikapiga kelele. Vijana wa bodaboda kijiweni wakasikia.

"Nani huyo?"

"Yule wa geti la bluu."

"Anaitwa nani?"

Kimya. Siwalaumu, nani aruke ukuta wa mtu asiyemjua, aitiwe mwizi? Mpaka mama anayeuza samaki wa migebuka pale kona akaacha beseni lake, akaja ukutani upande wa dirisha la bafu. "Baba, jina lako nani? Mkeo tumpigie namba gani?" Jina nikataja. Namba ya mke wangu sikuwa nayo kichwani. Akaguna, akawaamuru vijana waruke na kuvunja kitasa, lawama juu yake. Na migebuka yake sikuwahi kununua hata mmoja!

Hospitalini niliambiwa misuli ya kiuno imelegea kwa kukaa. Nilikaa nyumbani wiki mbili, na yule mama ndiye aliyekuwa akipitisha uji asubuhi.

Kwa hiyo wiki ya kwanza nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, na pale kijiweni wakujue kwa jina. Wazee waamkie "mwakeye", hata kama Kiha chako kinaishia hapo. Msibani nenda mwenyewe: beba viti, funga turubai, kaa na watu mpaka jioni. Hela ya rambirambi haitakuvunjia kitasa. Ufunguo wa akiba mwachie jirani, namba moja ikariri, na bajaji ikushushe kona, umalizie kwa mguu ukisalimia.

Mengine ni ya kawaida. Ukialikwa mpira wa maveterani, siku ya kwanza cheza dakika kumi utoke. Niliona mtu kakatika nyuma ya kisigino akifukuzana na kijana. Mwenye presha au sukari aonane na daktari kwanza. Ziwani usiingie peke yako, na habari za mamba waulize wavuvi, wao ndio wanaoshinda humo. Soda na bia za baada ya mazoezi zihesabu. Alfajiri vaa nguo nyeupe, madereva wa malori hawakuoni, na kama unasikiliza muziki, kifaa kimoja cha masikioni kitoe usikie honi. Na mbwa wa mitaani saa hizo wako wengi, kwa hiyo fimbo fupi mkononi si ushamba.